Somo: Njia ya mwalimu wa yoga, na jinsi ya kuandaa kambi ndogo hapa Uganda

Somo hili ni la walimu wanaotaka kupeleka kundi nje ya mji kwa siku tatu au nne, na la wale ambao bado wanatafuta pa kuanzia. Msimamo wangu nauweka mapema: ukubwa wa kambi upimwe kwa macho ya mwalimu, si kwa vitanda vya hoteli. Mimi sizidishi watu wanane. Wakizidi hapo, kuna mgongo utakaopinda vibaya bila mimi kuuona.

Hatua ya 1: Soma, kisha fundisha

Cheti kinachotambulika kwingi ni cha mafunzo ya saa 200. Yoga Alliance ya Marekani, iliyoanza 1999, huorodhesha shule na walimu, lakini hiyo ni orodha tu, si leseni ya serikali. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama shule imeandikishwa. Uliza nani anafundisha anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, na utasimamiwa mara ngapi ukiwa mbele ya wanafunzi. Si lazima uende India. Nairobi kuna Africa Yoga Project, inayofunza walimu, na basi la usiku kutoka Kampala linafika asubuhi.

Ukipata cheti, shika darasa la kila wiki kwa mwaka mzima kabla ya kufikiria kambi. Kambini watu huja na uchovu, wengine na msiba. Huwezi kuwabeba kama bado unababaika mtu akisema goti linamuuma.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Hapa ndipo kambi nyingi huharibika au hupona.

Ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, liko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri kuna ukungu na baridi, misuli imekaza. Anza jua likishapanda, na hakikisha kila mtu ana blanketi la savasana, ule mkao wa kulala chali na kupumzika mwishoni. Kutoka Kampala ni safari ya kutwa, basi jioni ya kwanza iwe ya kulaza miguu ukutani, pumzi na usingizi.

Visiwa vya Ssese vina joto na mwili hulegea haraka. Kivuko cha Nakiwogo, Entebbe, hufika kisiwa cha Bugala kwa saa tatu na nusu hivi. Ila Ziwa Victoria lina kichocho: waambie watu waziwazi wasiogelee. Sipi, huko Kapchorwa, pazuri sana, lakini njia za maporomoko ni mteremko mkali kwa wenye magoti mabovu.

Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba ni mvua, tafuta ukumbi wenye paa. Na kabla hujalipa, nenda ukalale huko usiku mmoja. Tandika mkeka uone kama sakafu imeinama, sikiliza jenereta, hesabu vyoo.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Jumlisha gharama zisizobadilika: gari, ukumbi, mpishi, na malipo yako mwenyewe. Gawanya kwa idadi ndogo kabisa unayoweza kwenda nayo. Tuseme ni shilingi 3,000,000: ukigawanya kwa wanane ni 375,000, kwa watano ni 600,000. Toza 600,000, kisha ongeza kitanda na chakula cha kila mmoja. Pokea nusu mapema kwa simu, na masharti ya kurudisha pesa yawe kwa maandishi.

Hatua ya 4: Fomu ya afya

Fomu iwafikie washiriki kabla ya safari. Mwenye presha isiyodhibitiwa au glakoma (ugonjwa wa presha ya macho) hasimami kwa kichwa. Mjamzito ambaye mimba imekua halali chali muda mrefu. Mlaze ubavu na umwekee mito. Andika simu ya ndugu wa kila mshiriki na ya hospitali iliyo karibu. Na matoke na mchuzi wa karanga viliwe baada ya mazoezi, si kabla.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mbale: Mwalimu, mchungaji wetu anasema yoga ni ibada ya Kihindu. Niwajibu nini watu?

Jibu: Usibishane naye, wala usifiche. Yoga ilizaliwa India, ndani ya dini za huko. Andika kwenye tangazo kila kitakachofanyika. Kama kuna mantra, yaani maneno ya kurudiarudia kwa sauti, sema, na anayetaka kunyamaza anyamaze. Saa za swala na misa ya Jumapili ziingie kwenye ratiba kwanza, mazoezi yafuate.

Mwanachama, Jinja: Mikeka ya ukindu itafaa?

Jibu: Kwa kukaa na pumzi, vizuri kabisa. Kwa mikao ya kusimama itateleza kwenye saruji. Simameni miguu mitupu sakafuni, na kanga iliyokunjwa iwe chini ya magoti.

Mwanachama, Kampala: Shikamoo mwalimu. Naweza kuwashika wanafunzi ili kuwarekebisha?

Jibu: Marahaba. Omba ruhusa kwanza, kila siku upya, kwa sababu aliyekubali jana anaweza asitake leo. Wape kila mmoja kijiti cha kuweka juu ya mkeka: kikiwepo, humgusi. Mara nyingi maneno yatatosha. Ukiona hayatoshi, fanya mkao huo wewe mwenyewe mbele yake, polepole.