Jinsi ya kuitetea imani kwa kuuliza

Nashona nguo Majengo, hapa Goma. Mteja anayesubiri kikwembe chake hukaa kwenye benchi, na mazungumzo hayakawii kufika kwa Mungu. Vijana wa kanisani kwetu huniuliza wawajibu nini wanaoipinga imani. Nawaambia wasianze na jibu. Mwanasheria alipomjaribu Bwana Yesu, alirudishiwa swali: "Imeandikwa nini katika torati? Wasomaje?" Anayeulizwa hivyo huanza kueleza mawazo yake mwenyewe, nawe unajua sasa unaongea na nani.

Chukua neno ninalolisikia sana kwa wanafunzi wa chuo: "Dini ni ya wazungu, waliileta ili watutawale." Usibishe, maana wamisheni wengi walitembea kweli na serikali ya Wabelgiji. Likubali hilo kwanza, tena kwa sauti. Kisha uliza: "Ndugu yangu, Simon Kimbangu alifungwa na nani?" Wengi wanajua. Wabelgiji walimkamata mhubiri huyo Mkongomani mwaka 1921, wakamhukumu kifo, hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha, na akafia gerezani Lubumbashi mwaka 1951. Mimi si Mkimbangu, yaani si muumini wa kanisa lake, lakini swali linalofuata nalipenda: "Kama kumhubiri Kristo kulimfaa mkoloni tu, mbona Mkongomani aliyemhubiri aliogopwa hivyo?" Hapo nyamaza. Ukiongeza swali la pili kabla hajajibu la kwanza, atajiona yuko mbele ya polisi.

Kwa mzee, usiulize "una ushahidi gani?" Huo ni utovu wa adabu, na mazungumzo yataishia hapo. Sema, "Muzee, nisaidie nielewe, ni nini kilikufikisha kwenye wazo hilo?" Petro alituagiza tujibu kwa upole na kwa hofu, na upole wa kwetu unaanza na namna unavyomwita mtu.

Lililo gumu kuliko yote katika mji huu ni hili: "Mungu alikuwa wapi?" Anayeliuliza huenda alikimbia volkano yetu, Nyiragongo, tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji na kuliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Au alikimbia usiku wa 22 Mei 2021, iliposhuka hadi Buhene, pembezoni mwa mji. Au ni vita. Swali lako la kwanza liwe, "Mama, ulimpoteza nani?" Mimi husimamisha mashini kabisa. Akilia, kaa naye, na siku hiyo usitetee chochote. Akirudi siku nyingine akitaka kufikiri pamoja nawe, muulize: "Moyo wako unasema watu wale hawakustahili kufa vile. Kama hakuna Mungu, na mtu ni vumbi tu sawa na lile jiwe jeusi la lava la ukuta wako, thamani yao ilitoka wapi?" Ni swali zito na la haki. Likiulizwa mapema ni ukatili.

Kuna pia Mkristo mwenzetu atakayedakia kwamba walioungua waliadhibiwa kwa dhambi zao. Naye aulizwe, kwa swali la Yesu katika Luka 13: wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, walikuwa wakosaji kuliko wakazi wote wa Yerusalemu? Yesu mwenyewe alisema sivyo. Msimwache aseme hayo mbele ya mfiwa.

Kwa anayesema anaamini sayansi tu, sihitaji maneno mengi. Wataalamu wa OVG, kituo cha Goma kinachochunguza volkano, wanapima mitetemo ya mlima, na tunawashukuru. Muulize ni chombo gani kinachopima kwamba kuiba chakula cha wakimbizi ni uovu.

Mkiendelea hivi kwa heshima, itafika siku atakugeukia: "Na wewe, kwa nini unaamini?" Usikimbilie kulaumu wengine, wala usibuni. Usilolijua, sema hulijui, ukatafute. Mimi hufungua 1 Wakorintho 15, barua iliyoandikwa miaka kama 25 baada ya msalaba. Paulo anataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona Yesu aliyefufuka, kisha anaongeza kwamba wengi wao bado wako hai. Msomee mstari wa 6 polepole, umuulize: "Kama Paulo alikuwa anadanganya, kwa nini aliwaambia wasomaji wake kwamba mashahidi bado wanaishi?"