Zahanati ndogo kuhamia kwenye kompyuta: anzia mapokezi

Zahanati binafsi yenye daktari mmoja, muuguzi, maabara ya kona na dirisha la dawa haihitaji mfumo wa spitali kubwa. Inahitaji mfumo ambao karani wa mapokezi ataumudu hata siku foleni imefika nje ya mlango. Wengi huanza kwa kununua kompyuta. Bora uanze na jina la mgonjwa, maana hapo ndipo kumbukumbu zinapoharibika mapema, na ubovu wenyewe hauonekani mpaka baadaye.

Visiwani Zanzibar mtu ana jina lake, la baba na la babu, na majina hujirudia. Ali Juma Ali wa Wete na Ali Juma Ali wa Konde wanaweza kukaa benchi moja. Ongeza tahajia: Khamis, Hamis, Hamisi, Fatma, Fatuma, Mohammed ndiyo usiseme. Karani akitafuta "Hamisi" asimpate, atafungua jalada jipya, na mzio wa penisilini ulioandikwa kwenye jalada la mwanzo daktari hatauona.

Kwa hiyo fomu ya usajili iwe na majina matatu, jina la mama, jinsia, mwaka wa kuzaliwa, shehia, namba ya simu pamoja na simu hiyo ni ya nani (nyumba nzima huweza kutumia moja), na namba ya ZanID (kitambulisho cha mkaazi wa Zanzibar) kwa mwenye nayo. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye ZanID, la mtoto kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Kabla ya kusajili mtu mpya, karani atafute mara mbili: kwa namba ya simu, kisha kwa herufi tatu za mwanzo za jina la baba pamoja na shehia. Mgonjwa apewe kadi ndogo yenye namba ya zahanati. Namba iwe ya mfululizo tu, isibebe mwaka wala shehia, kwa sababu watu huhama. Ruhusa ya kuunganisha majalada mawili ya mtu mmoja awe nayo mtu mmoja tu.

Bibi asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa umuulize alikuwa na umri gani wakati wa Mapinduzi ya 1964, kisha uweke alama kuwa umri ni wa kukadiria. Bila alama hiyo utajikuta na mamia ya watu waliozaliwa tarehe 1 Januari.

Halafu kuna saa. Karani anasema saa tatu asubuhi, anaandika 03:00, na miadi inaangukia usiku wa manane. Zuia kwenye programu: miadi isikubalike nje ya saa za kazi. Weka mipaka na kwenye vipimo pia, ili joto la 365 likataliwe badala ya 36.5. Uzito wa mtoto uwe sehemu ya lazima, na dawa ya maji iandikwe na nguvu yake: amoksilini ya mg 125 kwa ml 5 si sawa na ya mg 250 kwa ml 5, ingawa kijiko ni kilekile.

Kuhusu programu yenyewe, OpenMRS, ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ni ya bure, na Bahmni imejengwa juu yake. Bure maana yake hulipii leseni. Fundi wa kuifunga na kuitunza utamlipa. Muuzaji yeyote muulize: intaneti ikikatika kazi inaendelea? Naweza kutoa taarifa zangu zote kwa CSV (faili la jedwali linalosomeka na programu nyingine) bila kukulipa? Mfumo ukilala Jumatatu nami niko Chake Chake, nani anakuja na baada ya muda gani? Akibabaika kwenye la pili, achana naye. Hakikisha pia ripoti ya mwezi inatoka kwa mpangilio wa fomu za Wizara ya Afya; la sivyo mtaendelea kuhesabu kwa mkono.

Umeme unaotulisha unapita chini ya bahari, na walioshuhudia giza la Unguja la Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuelezwa. Tumia laptopu, hata kwa seva (kompyuta inayohifadhi kumbukumbu zote), kwa kuwa zina betri zake. Laptopu tatu za wati (W) 45 na ruta ya W 10 hula W 145. Betri ya asidi ya V 12, Ah 100 ina wati-saa (Wh) 1,200, lakini usiitumie zaidi ya nusu. Ukitoa na upotevu wa inveta unabaki na kama Wh 500, yaani saa tatu na nusu hivi. UPS (kisanduku cha betri ya dharura) ndogo yenye betri ya Ah 7 ni ya dakika chache tu, kuokoa kazi na kuzima. Seva iwekwe juu, penye hewa, mbali na dirisha: chumvi ya pwani inakula soketi.

Usiingize kadi zote za kabatini. Ingiza wenye presha na kisukari, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Wengine waingizwe siku watakayokuja. Anza na usajili na keshia, wiki mbili baadaye dirisha la dawa, kisha maabara, daktari awe wa mwisho. Stoku ihesabiwe usiku baada ya kufunga, kwa vidonge, si kwa maboksi. Ukiandika 10 ukimaanisha maboksi, kesho mchana programu itasema dawa imekwisha. Katika kila sehemu, karatasi na kompyuta zisiende pamoja zaidi ya wiki mbili, kwani watu wakichoka kuandika mara mbili huacha ile ngumu. Fomu tupu zibaki mapokezi kwa siku ya hitilafu, na zikijazwa ziingizwe siku hiyohiyo na mtu mmoja.

Kila mfanyakazi awe na nywila yake. Nakala ya akiba ichukuliwe kila jioni kwenye diski iliyofungwa kwa nywila, na ya pili ilale nje ya jengo. Mara moja kwa mwezi irejeshe kwenye laptopu nyingine, umtafute mgonjwa wa jana, uone kama dawa alizopewa zipo.