Mwanao aliugua, ritani yake iko chini: jinsi ya kuthibitisha kipato kwenye fomu I-864

Saa tatu usiku Kisauni, Mombasa, ni saa saba au saa nane mchana Columbus, Ohio, kutegemea majira yao. Ndio wakati mama na bintiye hukaa na simu, mmoja anasoma fomu, mwingine anauliza, na ndio wakati swali hili huibuka: "Mama, mwaka jana nilipasuliwa, nikakaa miezi minne bila kazi. Ritani yangu ya kodi inaonyesha dola 22,800. Si watakukatalia viza?"

Si lazima. Fomu I-864, hati ya kiapo cha kumkimu mtu ambayo raia wa Marekani au mwenye Green Card humjazia jamaa anayemleta, inamuuliza mdhamini kipato chake cha mwaka cha sasa. Ritani ya mwaka uliopita inaambatanishwa kama ushahidi, na mwaka ule ukiwa mbaya utaonekana, hakuna pa kuuficha. Lakini aliyerudi kazini hujaza mshahara anaolipwa leo, kisha anatoa karatasi za kuonyesha kwamba mshahara huo ni wa kweli na utaendelea. Kazi yote iko kwenye karatasi hizo.

Anza na idadi ya watu

Mdhamini anatakiwa awe na kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Kiwango hicho hubadilika kila mwaka na huchapishwa kwenye karatasi iitwayo I-864P. Kwa mwaka 2025, nje ya Alaska na Hawaii, nyumba ya watu 2 ilihitaji dola 26,437, watu 3 dola 33,312, watu 4 dola 40,187, na watu 5 dola 47,062. Mwanajeshi aliye kazini anayemleta mkewe, mumewe au mtoto wake huhesabiwa kwa asilimia 100 tu.

Wengi huanguka kwenye kuhesabu watu kabla hata ya kufika kwenye mshahara. Anayeletwa anahesabiwa, ingawa bado yuko Kisauni anakaanga viazi. Mdhamini mwenyewe anahesabiwa, na mume au mke wake, na watoto wake walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, na yeyote aliyemwandika kwenye ritani kuwa anamtegemea. Halafu kuna yule ambaye watu humsahau, au hujifanya wamemsahau: mtu aliyewahi kudhaminiwa kwa fomu hiihii na kiapo chake hakijaisha. Kama bintiyo alimleta mume kutoka Likoni wakaachana baada ya miaka miwili, talaka haikumtoa mume huyo kwenye hesabu. Kiapo hukoma aliyedhaminiwa akipata uraia, akifikisha robo mwaka 40 za kazi (kama miaka kumi) kwenye rekodi ya hifadhi ya jamii, akifariki, au akiihama Marekani moja kwa moja na kuacha ukaazi wake.

Tuseme binti huyu ana mtoto mmoja, hana mume, na anamleta mamake. Hao ni watatu. Kwa kiwango hicho cha 2025 anahitaji dola 33,312.

Piga hesabu ya mshahara wa leo

Analipwa dola 17 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52: dola 35,360. Amevuka. Hiyo ndiyo namba ya kuandika mahali pa kipato cha sasa, na zile 22,800 zinaandikwa mahali pake, kwenye sehemu ya ritani ya mwaka uliopita. Anayelipwa kila baada ya wiki mbili azidishe malipo kwa 26. Kuzidisha kwa 24 ni kujipunja mwenyewe. Na hesabu ni ya mshahara kabla ya makato, kwa hivyo asichukue kile kinachoingia benki.

Sasa tahadhari. Wapo wanaorudi kazini kwa saa chache kwanza, kwa amri ya daktari. Kama amerudi kwa saa 24, kipato chake cha leo ni dola 21,216, hata kama meneja amemuahidi saa 40 mwezi ujao. Akiandika ule mshahara wa kabla ya kuugua, peslipu zitamsuta palepale, na fomu hiyo husainiwa chini ya kiapo.

Fomu fupi ya I-864EZ, ya wanaotegemea mshahara au pensheni peke yake, inavutia kwa ufupi wake. Kwa mtu aliyetoka likizo ya ugonjwa ningesema achukue ile ndefu.

Karatasi zinazosimama pamoja na ritani

Ya kwanza kwa uzito ni barua ya mwajiri. Iwe kwenye karatasi yenye nembo, na iseme tarehe aliyoajiriwa, cheo, ujira kwa saa au kwa mwaka, saa za kazi kwa wiki, na kwamba kazi ni ya kudumu kama ndivyo ilivyo. Halafu sentensi moja ambayo idara nyingi za wafanyakazi hazitaiandika mpaka ziombwe: kwamba alikuwa likizo ya ugonjwa iliyoidhinishwa kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na amerudi. Sentensi hiyo inamwonyesha afisa kwamba ajira haikukatika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1993 iitwayo FMLA humlinda kazini mfanyakazi kwa hadi wiki 12 za likizo isiyo na malipo, ikiwa mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi na mfanyakazi mwenyewe amemfanyia kazi angalau miezi 12 na saa 1,250. Huku kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka, ndiyo maana wazazi wengi hawaelewi mtu anawezaje kukaa miezi mitatu nje, bila senti, na bado akaitwa mwajiriwa. Huwezekana.

Ya pili ni peslipu. Za miezi sita ndizo zinazotajwa kwenye maelekezo ya fomu. Kama amerudi miezi miwili tu iliyopita, atoe za miezi hiyo miwili na zile za mwisho kabla ya kuugua, ili afisa aone ujira uleule pande zote mbili za pengo.

Ya tatu ni nakala ya ritani kutoka IRS, idara ya kodi ya Marekani, inayopatikana bure kwenye tovuti yao, pamoja na W-2, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara wa mwaka. Mwaka mmoja wa karibuni ndio wa lazima, lakini fomu inaruhusu kuambatanisha mitatu. Kwa huyu mgonjwa wetu mitatu ni bora: miaka miwili mizuri ikitangulia, ule wa tatu unajieleza.

Kisha maelezo mafupi ya mdhamini mwenyewe, kwa Kiingereza, yenye maana hii: "Nilikuwa likizo ya ugonjwa kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Nilirudi kazini tarehe fulani kwa saa 40 kwa wiki na ujira wa dola 17 kwa saa. Ritani ya mwaka huo ni ya chini kwa sababu hiyo." Yatosha. Ripoti ya upasuaji, picha za eksirei na orodha ya dawa zibaki nyumbani. Swali lililoulizwa ni la pesa.

Na muhuri wa wakili hauhitajiki. Najua Mombasa hatuamini karatasi isiyo na muhuri, lakini I-864 inatakiwa sahihi ya mkono ya mdhamini, basi.

Pesa alizolipwa akiwa kitandani

Hapa pana utata. Bima ya ugonjwa iliyolipiwa na mwajiri kwa kawaida hutozwa kodi na itaonekana kwenye ritani. Iliyolipiwa na mfanyakazi mwenyewe kwa pesa iliyokwisha katwa kodi haitozwi, na haitaonekana. Akitaka ihesabiwe alete barua ya bima. Lakini malipo yakiwa yameshakoma, hayamsaidii kwenye kipato cha leo. Yanaeleza tu aliishije. Msaada unaotolewa kwa kuangalia umaskini wa mtu, kama SSI (pesa), SNAP (chakula) au Medicaid (matibabu), hauhesabiwi kuwa kipato. SSDI, malipo ya ulemavu yanayotokana na michango ya kazi, si ya kundi hilo.

Mchango wa matibabu uliochangwa na jamaa kwenye kikundi cha WhatsApp si kipato. Na risiti za pesa anazokutumia kwa M-Pesa zinaonyesha wema wake, hazionyeshi anapata kiasi gani.

Kama hesabu haifiki

Turudi kwa binti wa saa 24: dola 21,216. Pengo lake ni 12,096. Pengo huweza kuzibwa kwa mali, lakini kwa mzazi mali iwe mara tano ya pengo, yaani dola 60,480, karibu shilingi milioni 7.8 kwa dola ya shilingi 129. Raia anayemleta mke au mume huhitaji mara tatu tu. Akiba ya benki ithibitishwe kwa taarifa za miezi 12. Harambee ikijaza akaunti wiki moja kabla, afisa ataiona.

Mali ya anayeletwa pia inakubalika, na hapo ndipo wazee wa Mombasa hukumbuka nyumba. Mali iwe ya kuuzika ndani ya mwaka mmoja, na deni lake litolewe kwanza. Mwenye hatimiliki atafute ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Lakini nyumba ya Kiswahili iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, ambayo mwenyewe hulipia kodi ya ardhi kila mwezi, sitakushauri uitegemee. Huna hati ya kiwanja, na unachoweza kuuza ni kuta na mabati.

Mimi ningeanza na mtu kabla ya mali. Mwenzi wake au jamaa anayeishi naye nyumba moja anaweza kuunganisha kipato chake kwa fomu I-864A. Asipokuwepo, atafutwe mdhamini mwenza: raia au mwenye Green Card, miaka 18 au zaidi, mkaazi wa Marekani. Si lazima awe wa damu. Yeye huvuka kiwango kwa kipato chake peke yake, kwa watu wa nyumba yake na huyo anayeletwa. Binamu mwenye mke na watoto wawili atahesabiwa watu 5. Mwambieni wazi kwamba kiapo ni cha miaka, asije akadhani ni sahihi ya heshima. Na binti bado atajaza I-864 yake, hata kama kipato chake ni sifuri.

Kutuma, na safari ya Gigiri

Karatasi hupakiwa kwenye tovuti ya CEAC ya kituo cha viza, NVC, baada ya kulipa dola 120 za ukaguzi wa udhamini na dola 325 za ombi la viza. Ada hulipwa kabla fomu hazijafunguka. Kama mdhamini bado ni mgonjwa na hayuko tayari, msiache faili lilale: NVC ikikaa mwaka mzima bila mawasiliano yoyote kutoka kwenu, inaweza kuanza kulifuta. Ujumbe mmoja kwao unatosha kuonyesha mko hai.

Kati ya kutuma na usaili hupita muda. Tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya ritani za kodi, ikipita katikati, ritani mpya ndiyo itakayoulizwa, kwa hivyo aitume. Wiki ya usaili akutumie pia peslipu za mwisho na barua ya mwajiri yenye tarehe ya karibuni, uzichape uende nazo. Usaili ni Nairobi, kwenye ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri; hakuna wa Mombasa. Treni ya SGR ya kutoka Miritini siku moja kabla ni salama kuliko basi la usiku linalokufikisha alfajiri na macho mekundu.

Dirishani mama ataulizwa bintiye anafanya kazi gani. Ajue jina la kazi, mji, na kwamba aliugua akarudi. Afisa asiporidhika na kipato atampa karatasi ya 221(g) yenye orodha ya kinachokosekana, mara nyingi mdhamini mwenza au ritani mpya. Hapo ana mwaka mmoja wa kukileta, kwa njia iliyoandikwa kwenye karatasi hiyohiyo. Aipige picha kabla hajatoka getini, aitume Columbus.