SOMO: Mashine ya gemu imekufa, kipi uokoe na kipi utupe

Wakuu, kila mara mtu anarusha picha ya mashine ya gemu mbovu, yale makabati ya kutumbukiza sarafu, na kuuliza, "Hapa kuna cha maana?" Naweka jibu hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Anza kuokoa kile ambacho hakitengenezwi tena. Vitufe vipya vipo tele. Bodi (sahani ya sakiti) yenye gemu lake, tyubu ya picha na michoro ya kabati ni vigumu kuvipatia mbadala.

1. Chomoa plagi. Usiwashe "kujaribu tu", maana pawasaplai (kifaa kinachoipa bodi umeme) iliyochoka inaweza kuipelekea bodi volti za kuiua.

2. Piga picha kila kiunganishi, bandika lebo, chomoa. Usikate waya.

3. Monita. Ni ya chogo, na tyubu yake hubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa. Chukua bisibisi bapa yenye mpini mzima wa plastiki, funga waya kutoka chuma chake hadi ule waya uliosukwa unaozunguka mgongo wa tyubu. Mkono wako mmoja uweke nyuma ya mgongo wako. Penyeza ncha chini ya kikombe cha mpira, pale waya mnene unapoingia kwenye tyubu, hadi iguse klipu ya chuma iliyo ndani yake. Subiri dakika chache, rudia, kwa sababu chaji hujirudisha kidogo kidogo.
Kisha tazama shingo ya tyubu kwa ndani, kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia. Likiwa bado fedha, tyubu haijaingia hewa. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, hiyo haifufuki. Angalia na uso wa kioo ukiwa umezimwa: maandishi ya gemu yakionekana kwa kivuli, fosfa (unga unaong'aa nyuma ya kioo) imeungua.

4. BODI NA BETRI. Hapa ndipo gemu nyingi nzima huuawa na mtu mwenye nia njema. Ukiona betri usiikate kabla hujajua bodi ni ya kampuni gani na aina gani, maana betri ni za aina mbili.
Ya kwanza hutunza saa, hesabu za sarafu na mipangilio tu. Mfano ni bodi ya Neo Geo MVS: betri ya kuchaji ya volti 3.6. Hiyo iondoe leo. Ikivuja, majimaji yake hula njia za shaba. Penye ukungu wa kijani pitisha siki nyeupe kwa mswaki, suuza, malizia na spiriti isiyo na maji mengi, acha ikauke kabisa.
Ya pili inashikilia ufunguo wa kusomea gemu lenyewe. Bodi ya Capcom CPS-2 (kuanzia 1993) iko hivyo, na baadhi ya bodi za Sega zenye prosesa ya FD1094, ambayo betri yake imo ndani ya kasha la prosesa. Umeme wa betri hiyo ukikatika, ufunguo umefutika na gemu haliwaki. Kwa CPS-2 siku hizi ufunguo unaweza kuandikwa upya kwa kikontrola kidogo (chipu ya kuprogramu), lakini hiyo ni kazi ya ziada uliyojitafutia. USIPIME betri hiyo kwa kuishotisha, USIIGUSE kwa pasi ya lehemu yenye waya wa ethi bila kujua unachofanya.

5. Chipu zenye kidirisha cha kioo: ziba kwa stika. Mwanga wa jua hufuta programu iliyomo.

6. Pawasaplai: usiitegemee. Weka mpya, pima volti 5 kwenye bodi yenyewe ikiwa inafanya kazi, siyo kwenye pawasaplai.

7. Kabati: bonyeza mbao za chini. Chipubodi iliyovimba kwa maji haitibiki, lakini chora umbo la ubavu kwenye karatasi kabla ya kutupa.

8. Joistiki, spika, mlango wa sarafu, transfoma: ng'oa, weka boksini.

MASWALI

Kitasa: Mkuu, betri yangu ni ya bluu, nikate?
Jibu: Rangi siyo jina la bodi. Soma hatua ya 4, kisha leta maandishi yaliyochapwa kwenye bodi.

Kitasa: Nimeshakata.
Jibu: Basi sema ni bodi gani, ndipo tujue umepoteza nini.

Mzizi: Kiunganishi cha JAMMA (kile cha kawaida kati ya bodi na nyaya za kabati) kikiingia kinyume, kwa nini bodi huungua wakati ethi ipo pande zote mbili?
Jibu: Swali zuri sana. Kina pini 56, 28 kila upande. Ethi zipo mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo ukigeuza, ethi inakutana na ethi na bodi inapata njia ya kurudishia umeme. Volti 12 ziko pini ya 6, na ya 6 ikigeuzwa inaangukia ya 23, ambayo ni mstari wa kitufe. Chipu za kupokea vitufe zimezoea volti 5, zinakufa papo hapo. Ndiyo maana pini ya 7 huzibwa na kipande cha plastiki. Kikiwa kimeanguka, rudisha kabla ya kitu kingine chochote.

Mzizi: Na tyubu ya TV ya kawaida inaingia?
Jibu: Inawezekana, kama ukubwa na mpangilio wa pini za shingoni vinalingana. Koili za shingoni pima omu zake (ukinzani wa umeme); zikitofautiana sana, hamishia zile za monita ya gemu. Usisahau transfoma ya kutenga umeme: bodi nyingi za monita hizi hazina ya kwao, ukizichomeka moja kwa moja ukutani fremu nzima inaweza kuwa na umeme.

Dada Shaba: Nyongeza: stika za paneli ya vitufe hubanduka vizuri ukizipasha kwa draya ya nywele.
Jibu: Kweli dada, taratibu na kutoka pembeni. Ila kioo cha juu chenye jina la gemu kiangalieni kwanza, rangi huwa imechapwa kwa nyuma. Futa upande wa mbele tu. Ukipitisha dawa ya vioo nyuma, rangi inatoka na kitambaa.