Somo: Jinsi ya kuwatafuta watumwa ndani ya makaratasi ya wenye mashamba wa Marekani

Wakuu, habari za leo. Somo hili niliwaahidi siku nyingi, na nitalianza na barua moja.

Tarehe 2 Julai 1766 George Washington, wakati huo tajiri wa mashamba kule Virginia na bado hajaota urais, alimwandikia nahodha wa merikebu iliyokuwa ikielekea visiwa vya Karibi. Pamoja na barua alimkabidhi mtu mmoja, Tom, akauzwe huko kwa bei yoyote itakayopatikana. Pesa hakutaka. Alitaka pipa la molasi, pipa la ramu, pipa la ndimu, chungu cha ukwaju cha ratili 10, vyungu viwili vya vitu vitamu, na kitakachobaki apewe pombe kali iliyokaa. Akamsifia bidhaa yake: mzima wa afya, ana nguvu, hodari wa jembe. Akamwomba nahodha amfunge pingu mpaka wafike bahari kuu, na siku ya kumuuza amsafishe na kumtengeneza kidogo ili apate bei nzuri.

Mara ya kwanza kuisoma nilikwama kwenye ukwaju. Ni ukwaju huu huu tunaoukuta sokoni umefungwa kwenye vimfuko. Mtu mzima, jembe mkononi, amebadilishwa na ukwaju.

Barua hiyo imetunzwa kwa sababu ya aliyeiandika. Lakini pia ni karatasi ya Tom, na ndivyo nataka tuisome. Makaratasi ya familia hizi yaliandikwa kuhesabu mali. Hakuna aliyekusudia kuwakumbuka watu wale, na bado wamo humo kwa maelfu.

Hatua ya 1: Shika familia moja

Usianze na "utumwa Marekani", utazama. Chukua familia moja na shamba moja. Barua za Washington na za Thomas Jefferson, mwenye shamba mwingine wa Virginia aliyekuja kuwa rais, zinasomeka bure kwenye tovuti ya Founders Online. Daftari la shamba la Jefferson, alilolianza mwaka 1774 na kuliandika hadi alipofariki 1826, lipo Massachusetts Historical Society mjini Boston, na picha za kurasa zake zipo mtandaoni. Kwa familia za kusini kwa jumla, nendeni kwenye mkusanyo wa Southern Historical Collection wa chuo kikuu cha Chapel Hill, North Carolina.

Tahadhari moja. Faharasa nyingi za zamani zilitengenezwa kwa majina ya mabwana. Ukitafuta jina la mtumwa huenda usipate kitu, lakini hiyo haina maana kwamba hayumo. Ingia kwa jina la bwana, kisha soma ukurasa kwa ukurasa.

Hatua ya 2: Jifunze maneno waliyojifichia

Neno "slave" hutalikuta mara nyingi kama unavyotarajia. Utakuta "servants", yaani watumishi. Utakuta "hands", mikono, kana kwamba mikono ile haikuwa na wenyewe. Utakuta "my people", watu wangu, na hata "my family". Msomaji mgeni anapita akidhani ni habari za ndugu na wafanyakazi wa mshahara.

Neno la kulikodolea macho kuliko yote ni "increase", yaani ongezeko. Kwenye wosia linakuja hivi: nampa binti yangu mjakazi fulani pamoja na uzao wake wa baadaye. Watoto ambao hawajazaliwa, pengine hata mimba haijatungwa, tayari wana mrithi. Msingi wake ni sheria ya Virginia ya mwaka 1662: mtoto anafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, baba awe nani. Ndiyo maana orodha nyingi zinamtaja mtoto chini ya mama na baba hayupo kabisa.

Hatua ya 3: Zoea mwandiko

Hapa sitakaa sana. Herufi s ya zamani, hasa katikati ya neno, hufanana na f. "Do" ni ufupisho wa kusema "kama hapo juu". "Wm" ni William. Na kabla ya 1752, kwa Waingereza na makoloni yao mwaka ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo ukiona 1749/50 si kosa: ni miezi ya mwanzo ya 1750 kwa hesabu yetu. Kwa wiki moja jicho linazoea.

Hatua ya 4: Fuata pesa

Hii ndiyo hatua kubwa. Bwana alipowataja watu hawa, mara nyingi ni kwa sababu kuna kitu kimelipwa, kimegawiwa, kimerithiwa au kimepotea.

Anza na orodha ya mirathi. Bwana akifa, watu wanapita nyumba kwa nyumba na zizi kwa zizi wakiandika kila kitu na thamani yake. Adolph Philipse, mwenye ardhi kubwa kando ya mto Hudson, New York, alifariki mwaka 1750, na kwenye orodha ya mali yake kuna watu 23. Ndiyo, New York. Anayedhani mambo haya yalikuwa ya kusini tu, aanze na familia hiyo.

Halafu daftari za manunuzi. Mwaka 1756 Elias Ball wa South Carolina aliandika kwamba amenunua wavulana wanne na wasichana wawili, umri wao kwa kukisia: Sancho miaka 9, Peter 7, Brutus 7, Harry 6, Belinda 10, Priscilla 10. Wote kwa pauni 600. Watoto hao walishushwa Charleston kutoka Sierra Leone kwa merikebu iliyoitwa Hare. Rudia hiyo miaka: sita, saba, saba. Ni watoto wa kuanza darasa la kwanza.

Kisha mgao. Jefferson aliandika nani kapewa kitambaa, nani samaki, nani blanketi, na blanketi lenyewe mtu mzima alingoja miaka mitatu kupata jingine. Orodha za blanketi zinachosha, lakini ndizo zinazokuonyesha nyumba: nani anapokea pamoja na nani, mtoto gani mwaka huu anahesabiwa peke yake, jina gani halipo tena.

Usidharau mistari midogo ya matumizi. Kwenye hesabu za Mount Vernon, shamba la Washington, mwezi Mei 1784 kuna malipo ya pauni 6 na shilingi 2 kwa watu weusi, bei ya meno yao tisa, kwa hesabu ya daktari wa meno. Mstari mmoja, majina hamna.

Mwisho, matangazo ya waliotoroka. Hayo hayakai kwenye makaratasi ya familia, yako magazetini, lakini mwandishi ni bwana yule yule. Mwaka 1769 Jefferson alitangaza gazetini kutoroka kwa Sandy, fundi viatu anayetumia mkono wa kushoto. Bwana anayemtafuta mtu analazimika kumweleza kama mtu: sura, ufundi, tabia. Ndipo anapokutolea habari ambazo daftari la shamba halikuwa na haja nazo.

Hatua ya 5: Geuza daftari

Chukua daftari lako. Juu ya ukurasa andika jina la mtumwa, si la bwana. Kila unapokutana naye, ongeza tarehe na ulichokiona. Turudi kwa Tom, kwa barua ile ile moja:

Tom. Hodari wa jembe. Aliwahi kuwa nyapara wa kundi, maana barua yenyewe inasema. Kutoroka ameanza siku za karibuni tu, bwana wake anakiri hakuwa na tabia hiyo. Julai 1766 anapelekwa visiwani kwa pingu.

Mistari michache, lakini sasa tuna mtu mwenye cheo na ujuzi, aliyefika mahali akasema basi. Barua iliandikwa kumuuza, nasi tumepata humo maisha yake.

Karatasi nzuri kupita zote kwa zoezi hili ni orodha ya Mount Vernon ya mwaka 1799, Washington alipokuwa akiandaa wosia. Ina watu 317: majina, wengi pia umri, na kwa walio na ndoa imeandikwa mwenzake ni nani na yuko shamba lipi. Utaona mume shamba hili, mke shamba lile. Utaona pia mstari mkali zaidi: 153 kati yao walikuwa wa mirathi ya mume wa kwanza wa Martha, mkewe, na Washington hakuwa na uwezo wa kisheria wa kuwapa uhuru. Wosia uliwaacha huru wale wake tu. William Lee, mtumishi wake wa vitani, aliachwa huru mara moja na kuwekewa dola 30 kila mwaka. Wengine wa Washington, Martha aliwapa uhuru tarehe 1 Januari 1801. Kwa hiyo baba akatoka huru, mama na watoto wakabaki. Wosia wenyewe unazigusia ndoa hizo kwa jumla tu, majina ya waliotenganishwa hayamo. Unayaona ukiweka orodha na wosia mezani pamoja.

Hatua ya 6: Vuka mwaka 1870

Sensa za 1850 na 1860 ziliwahesabu watumwa chini ya jina la bwana kwa umri, jinsia na rangi, majina hakuna. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wengi wao kwa majina kamili. Ukipata familia mwaka 1870, rudi nyuma na umri wao hadi kwenye orodha za mabwana wa eneo lile. Kati hapo kuna kumbukumbu za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyoshughulikia walioachwa huru kuanzia 1865, na humo mna mikataba ya kazi na vyeti vya ndoa.

Nimemaliza upande wangu. Maswali yaliyokuja nimeyajibu hapa chini.

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, Jefferson mwenyewe aliandika popote kwamba watoto wa Sally Hemings, mtumwa wake, ni wake?

Jibu: Marahaba. Kwenye daftari la shamba wapo kama watoto wa Sally tu. Hapa sisi wa pwani tuna kitu cha kulinganisha. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria akikubaliwa na bwana ni wa baba na amezaliwa huru. Virginia ilikuwa kinyume kabisa, kwa hiyo bwana hakuwa na sababu yoyote ya kisheria ya kuandika baba.

Ushahidi uko nje ya daftari. Mwaka 1873 mwanawe Madison Hemings alisimulia gazetini kwamba baba yao ni Jefferson. Mwaka 1998 kipimo cha vinasaba kiliunganisha kizazi cha Eston, mdogo wake, na ukoo wa akina Jefferson. Na angalia hili: mbele ya jina la Harriet, dada yao, daftari linaonyesha alitoroka mwaka 1822. Lakini aliyekuwa msimamizi wa shamba, Edmund Bacon, alikuja kusimulia kwamba alimlipia nauli na kumpa dola 50 kwa agizo la Jefferson mwenyewe. Daftari linasema katoroka, msimamizi anasema kasindikizwa na nauli. Msiamini karatasi moja.

Swali: Mkuu, kuna watu wa upande wetu waliofikishwa huko?

Jibu: Wapo, ila wachache. Kati ya watu takriban 388,000 walioshushwa moja kwa moja Amerika Kaskazini, walio wengi sana walitoka Afrika Magharibi na upande wa Kongo na Angola. Lakini Frederick Philipse, baba yake Adolph niliyemtaja juu, alikuwa akipeleka merikebu Madagaska kununua watu miaka ya 1690. Virginia nayo ilipokea merikebu za Madagaska karibu na 1720, na Charleston ilipokea watu wa Msumbiji kabla biashara haijapigwa marufuku mwaka 1808. Ukikuta neno Madagascar au Mozambique mbele ya jina, piga mstari chini yake.

Swali: Majina kama Caesar, Brutus, Pompey yananichanganya. Waafrika hawa walipata wapi majina ya Warumi?

Jibu: Walipewa na mabwana. Lakini kati ya hayo utakuta Cuffee, Quash, Cudjo. Hayo ni Kofi, Kwasi na Kojo, majina ya Waakani, watu wa upande wa Ghana, kwa siku ya kuzaliwa. Kofi ni wa Ijumaa, sawa na Juma wetu. Mtu kavuka bahari na siku yake aliyozaliwa, karani akaiandika bila kujua anaandika nini.

Swali: Kuna chochote walichoandika wenyewe?

Jibu: Kipo. Kizuri kuliko vyote kwangu ni orodha ya vyombo vya jikoni Monticello, shamba la Jefferson, ya Februari 1796. Imeandikwa kwa mkono wa James Hemings, kaka yake Sally, mpishi aliyejifunzia kazi Paris, na mwezi huo ndio alipata uhuru. Kabla ya kuondoka alihesabu sufuria na kuzikabidhi. Mwandiko umetulia, mistari imenyooka.

Swali: Mimi natumia simu, na MB ni za kuunga unga. Inawezekana?

Jibu: Inawezekana kabisa. Pakua picha ya ukurasa mmoja, zima data, ikuze taratibu na unakili kwa kalamu.

Swali: Nimejaribu jana usiku, mwalimu. Nimekuta "mwanamke na mtoto", jina hakuna la mama wala la mtoto. Nifanyeje?

Jibu: Wafungulie ukurasa hivyo hivyo. Juu andika "Mama na mtoto", weka mwaka na shamba, uache nafasi ya majina. Kisha nenda kwenye orodha inayofuata ya shamba hilo hilo, hata kama ni miaka mitano mbele, umtafute mwanamke ambaye mtoto wake ana miaka mitano.