Kukata picha: anza na kingo, si katikati

Picha nitakayotumia hapa niliipiga kwa simu Ngamiani, Tanga: fundi cherehani barazani kwake, ameinamisha kichwa, anapitisha uzi kwenye tundu la sindano. Wakati napiga nilimwona yeye tu. Nilipoifungua nyumbani nikawaona na wengine: ndoo ya bluu kona ya kushoto, tairi la bodaboda lisilo na bodaboda, waya wa umeme uliokatiza juu, na kiwiko cha mteja ambaye mwili wake wote umebaki nje. Jicho langu lilikuwa limechagua. Kamera ikazoa vyote. Sasa tuchague upya.

Programu ya picha iliyokuja na simu yako inatosha. Kwenye kompyuta mimi hutumia GIMP, ambayo ni ya bure. Ukibonyeza Shift na C unapata kifaa cha kukatia.

Hatua ya 1: Weka picha asilia pembeni

Hili nimelilipia. Niliwahi kukata picha ya harusi ikawa mraba ili iwahi kwenye statasi, nikaihifadhi juu ya ileile. Wiki mbili baadaye mama wa bibi harusi anataka isafishwe kubwa. "Mwanangu, hapa pembeni alikuwepo shangazi yake. Yuko wapi?" Shangazi alikwishaondoka na pikseli zake, vile vinukta vidogo vinavyoiunda picha.

Google Photos hukuwezesha kuhifadhi nakala badala ya kufuta ya mwanzo, na iPhone huweza kuirudisha picha ilivyokuwa hata ukiikumbuka baada ya miezi. Programu nyingine hazina huruma hiyo. Nakili faili kwanza, ndipo ushike mkasi.

Hatua ya 2: Jua picha inakwenda wapi

Watu wengi hukata kwanza, halafu ndipo wanauliza vipimo. Matokeo yake picha inakatwa mara mbili, na mara ya pili anayekata si wewe, ni mashine.

Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4:3, tuseme pikseli 4000 kwa 3000. Karatasi ya inchi 4 kwa 6, ile ya albamu, ina uwiano wa 2:3. Ukipeleka picha yako studio bila kuigusa, ili ijaze karatasi inabidi ishuke hadi 4000 kwa 2667, yaani safu 333 za pikseli ziondoke juu na chini. Ndiyo maana kwenye picha za sherehe vilemba vya akina mama hupungua kimo vikifika kwenye karatasi! Funga uwiano wa 2:3 kwenye programu yako, uamue mwenyewe kipi kipungue.

Chapisho la wima la Instagram lililozoeleka ni 4:5, pikseli 1080 kwa 1350. Statasi na stori ni 9:16. Picha ya wasifu ya WhatsApp huonekana ndani ya duara, kwa hiyo pembe zote nne za mraba hupotea. Acha nafasi kuzunguka kichwa. Fundi wangu nilimpa 4:5.

Hatua ya 3: Nyoosha

Nyoosha kabla ya kukata, kwa sababu kuzungusha picha nako hula pembe. Tafuta mstari unaojulikana haudanganyi: maji ya bahari, nguzo ya mlango, ukingo wa meza. Bahari ikiinama hata kidogo mtazamaji anahisi inamwagika, ingawa hatasema kwa nini. Kwangu nilinyoosha kwa fremu ya mlango ulio nyuma ya fundi.

Hatua ya 4: Tembeza jicho kwenye kingo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hawakai. Usimtazame mhusika, unamjua tayari. Anzia kona ya juu kushoto, tembea pole pole ukingoni hadi kulia, shuka, rudi chini, panda. Kila kinachokatizwa na ukingo kiulize swali moja: uingie mzima au utoke mzima? Vitu vilivyokatwa nusunusu huvuta jicho kuliko sura ya mtu. Kinachong'aa karibu na ukingo huvuta zaidi.

Ndoo ya bluu: ilitoka mzima, kwa kusogeza ukingo wa kushoto ndani. Tairi lilifuatana nayo. Waya ulitoka kwa kushusha ukingo wa juu hadi chini ya kenchi za paa. Kiwiko cha mteja kilinisumbua. Kukiondoa kungenilazimu nibane mkono wa kulia wa fundi, na mkono ule ndio wenye uzi. Nilikiacha. Mkono wa kazi una thamani kuliko usafi wa ukingo, na hata sasa nikiitazama picha ile kiwiko hakinikeri kama nilivyoogopa.

Ukingo ukimwangukia mtu, simama. Januari 2020 huko Davos, Uswisi, shirika la habari la AP lilisambaza picha ya wanaharakati vijana wa tabianchi, Greta Thunberg akiwa mmoja wao. Aliyekatwa pembeni alikuwa Vanessa Nakate wa Uganda, Mwafrika pekee kati ya wale watano. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba jengo lililokuwa nyuma yake lilivuruga mpangilio. AP iliomba radhi. Ninaamini kabisa kwamba jengo lile lilivuruga, ningeliacha livuruge. Mpiga picha wa Kuba, Alberto Korda, naye alikata mtu: picha yake ya mwanamapinduzi Che Guevara ya Machi 5, 1960, Havana, ilikuwa na mwanamume upande mmoja na majani ya mnazi au mchikichi upande wa pili. Lakini yeye alikuwa anatengeneza sura ya mtu mmoja. Picha ya kundi inapotolewa kama habari ya kundi, hesabu ya watu ni sehemu ya habari yenyewe.

Hatua ya 5: Mpe mhusika nafasi yake

Washa gridi. Utaona mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo inayogawa picha katika theluthi. Mweke mhusika, hasa macho yake, karibu na mahali mistari inapokutana, na uache nafasi zaidi upande anaoutazama. Fundi anatazama sindano kushoto kwake kwenye picha, kwa hiyo alikaa theluthi ya kulia.

Kanuni hii si amri. Mlango wa kuchonga wa Mji Mkongwe, wenye mbao mbili zinazofanana kulia na kushoto, ukiupeleka theluthi unauharibu. Weka katikati, pima pande zote mbili zilingane.

Mwili wa mtu usikatwe kwenye kiungo: kiwiko, kifundo cha mkono, goti, kifundo cha mguu. Kata kati ya kiungo na kiungo, kwa mfano katikati ya paja.

Hatua ya 6: Hesabu kilichobaki

Picha ya 4000 kwa 3000 ni pikseli milioni 12. Ukibakiza nusu ya upana na nusu ya urefu, kinachobaki si nusu, ni robo: milioni 3. Fundi wangu alibaki na 2000 kwa 2500. Kwa Instagram ni nyingi mno. Kwa karatasi ya inchi 8 kwa 10 ni pikseli 250 kwa kila inchi. Studio hupenda 300, lakini ukutani hakuna atakayeona tofauti. Ukijikuta chini ya 150, safisha saizi ndogo. Ukimtumia mtu wa studio kwa WhatsApp, itume kama hati, isibanwe njiani.

Skrinshoti zina sheria zake

Kwenye Windows, Win na Shift na S hukuwezesha kuchagua eneo moja kwa moja. Kwenye Mac ni Shift, Command na 4. Kwenye simu, kata ule mstari wa juu wenye saa, betri na arifa: haumsaidii msomaji, na unamwambia nani amekutumia meseji.

Hapa sahau theluthi. Kata kwa kufuata mistari ya skrini yenyewe, kingo za dirisha au za kisanduku, wala usipitishe mkasi katikati ya safu ya maandishi. Kosa ninaloliona sana ni kubana mno: kitufe kimoja kimeelea peke yake, msomaji hajui akitafute pembe ipi. Acha kichwa cha menyu kionekane. Hifadhi kama faili la aina ya PNG, maana aina ya JPEG huacha vumbivumbi kuzunguka herufi.

Halafu siri. Ukimtumia muuzaji skrinshoti ya M-Pesa, anahitaji namba ya muamala, kiasi na muda. Salio lako halimhusu. Kinachoweza kukatwa, kikate. Kilicho katikati kifunike kwa mstatili mweusi kamili, si kalamu ya kupaka, kwa kuwa mtu akiongeza mwanga maandishi hujitokeza chini ya wino.

Na hata kilichokatwa huenda bado kipo. Machi 2023 iligundulika kwamba kifaa cha kuhariri skrinshoti cha simu za Google Pixel kiliacha mabaki ya sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na kile cha Windows 11 kikakutwa na kasoro kama hiyo. Zilirekebishwa, ila skrinshoti zilizokwisha kusambazwa zilibaki na mabaki yake. Word na PowerPoint hazina kasoro hiyo, lakini kwa makusudi huitunza picha nzima hata baada ya kuikata. Chagua picha, fungua "Compress Pictures", weka alama kwenye "Delete cropped areas of pictures", hifadhi. Kisha bofya "Crop" tena: kama kivuli cha sehemu uliyokata bado kinaonekana pembeni, usiitume hati hiyo.