Jinsi ya Kuomba Viza ya Uingereza kwa Wazazi na Ndugu Wanaokwenda Kwenye Mahafali

Kwa familia nyingi habari ya mahafali huja kwa simu. Mtoto aliyeko Leeds, Manchester au Glasgow anapiga kusema amepangiwa tarehe ya mwezi wa Julai, na kabla simu haijakatwa nyumbani watu wameshaanza kuhesabu nani atakwenda. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya familia iliyoko Tanzania ambayo haijawahi kuomba viza ya Uingereza. Unafuata mpangilio ambao nimeuona ukifaa nilipowasaidia watu wa nyumbani kwetu, nao ni kuanza na ukumbi wa mahafali, kisha pasipoti, kisha vielelezo, na fomu yenyewe kuijaza mwishoni.

Tuanze na ukumbi. Vyuo vingi vya Uingereza humpa kila mhitimu nafasi chache za wageni, mara nyingi mbili tu, na nafasi za ziada hupatikana kwa kuomba au kwa bahati nasibu endapo zimebaki. Mhitimu asipojiandikisha ndani ya muda uliowekwa na chuo, hata hizo mbili hazipati. Kwa hiyo, kabla baba, mama, shangazi na wajomba hawajaambiwa waandae pasipoti, mwanafunzi ahakikishe amejiandikisha, amelipia kinachotakiwa kulipiwa, na anazo nafasi za wageni mkononi. Ikiwa nafasi ni mbili na wanaotaka kwenda ni watano, mazungumzo hayo yafanyike mapema, kwa sababu kila msafiri analipa ada yake ya viza, na ada hairudishwi maombi yakikataliwa. Vyuo vingi pia hurusha sherehe moja kwa moja kwenye intaneti, na bibi asiyeweza safari ndefu anaweza kuitazama akiwa sebuleni kwake.

Baada ya hapo ipigwe hesabu ya siku. Maombi hayawezi kuwasilishwa zaidi ya miezi 3 kabla ya tarehe ya kusafiri, na uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3 tangu mwombaji alipotoa alama za vidole. Maana yake ni kwamba kwa mahafali ya katikati ya Julai, mlango wa kuomba unafunguka katikati ya Aprili. Ninashauri maombi yaingie kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni, ili kubaki na nafasi ya kuomba tena endapo mambo yatakwenda vibaya. Ipo huduma ya haraka kwa malipo ya ziada, lakini ni ghali sana, na familia iliyojipanga haiihitaji.

Pasipoti ndiyo inayowachelewesha wazee. Maombi ya pasipoti ya Tanzania hufanyika kwa mtandao kupitia Idara ya Uhamiaji, na mwombaji huhitaji kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, pamoja na vielelezo vingine vinavyotajwa kwenye fomu. Mzee aliyezaliwa kijijini miaka ya 1950 mara nyingi hana cheti cha kuzaliwa, hivyo itabidi kwanza aandikishwe RITA kama mtu aliyechelewa kusajiliwa, jambo linaloweza kuchukua muda. Anzeni kazi hii angalau miezi sita kabla ya mahafali. Na ikiwa kuna tofauti ya majina, huu ndio wakati wa kuirekebisha. Mama anayeitwa Mariamu kwenye NIDA, Mariam kwenye akaunti ya benki, na jina la ukoo wa mume kwenye cheti cha mtoto, anahitaji kiapo cha majina kilichothibitishwa na wakili kinachosema wote hao ni mtu mmoja. Mtoto ndiye sababu ya safari, kwa hiyo cheti chake cha kuzaliwa chenye jina la mzazi ni kielelezo cha lazima kwa akili ya kawaida, hata pale ambapo hakuna aliyekitaja.

Viza inayoombwa ni ile ya mgeni wa kawaida, inayomruhusu mtu kukaa hadi miezi 6. Ada yake ilipandishwa Aprili 2025 kutoka pauni 115 hadi pauni 127, nayo hubadilishwa mara kwa mara, hivyo itazamwe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, siku ya kulipa. Ada ni ileile kwa anayekaa siku tano na anayekaa miezi mitano. Zipo viza za mgeni za miaka 2, 5 na 10 kwa bei kubwa zaidi, lakini kwa safari moja ya mahafali hazina sababu. Hakuna viza ya familia nzima: kila mtu, hata mtoto mchanga, ana fomu yake na ada yake. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 anayesafiri na mzazi mmoja au na ndugu, iambatishwe barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki.

Sasa vielelezo, na hapa ndipo penye kazi. Kwa kawaida hakuna usaili. Ofisa atakayeamua hatamwona mama akiingia mlangoni, hatasikia sauti yake, wala hatajua kwamba ana duka, shamba, wajukuu wawili anaowalea na kikundi cha wanawake anachokitunzia hesabu. Atayajua hayo kwa karatasi tu. Kanuni za wageni zinamtaka ofisa aridhike kwamba mwombaji ni mgeni wa kweli, kwamba ataondoka ziara ikiisha, na kwamba ana fedha za kutosha za safari na matumizi bila kufanya kazi huko. Kila karatasi mnayoweka ijibu mojawapo ya mambo hayo matatu. Isiyojibu lolote iacheni.

Mwajiriwa aweke barua ya mwajiri inayotaja cheo chake, mshahara, tangu lini yuko kazini, na kwamba amepewa likizo kuanzia tarehe fulani na anatarajiwa kurudi tarehe fulani, pamoja na hati za mishahara. Mfanyabiashara aweke usajili wa biashara, leseni, cheti cha TIN na risiti za kodi. Mstaafu aweke ushahidi wa pensheni. Mkulima, ambaye watu wengi humwambia kwamba hawezi kupata viza, anazo karatasi kama wengine: hati au barua ya umiliki wa shamba, malipo ya chama cha ushirika, stakabadhi za ghala na mikataba ya mauzo. Asione haya kuziweka.

Taarifa za benki za miezi sita zinatosha kwa wengi. Kinachotazamwa humo ni zaidi ya kiasi kilichobaki, kwa maana ofisa husoma mwenendo: kinachoingia, kinachotoka, na kama vinalingana na maisha yaliyoelezwa kwenye fomu. Mama yangu mdogo analima korosho, na akaunti yake ilikuwa na laki mbili tatu kwa miezi mingi, kisha mwezi mmoja ikaingia milioni nane kwa mkupuo. Kwetu sisi hapakuwa na la kushangaza, kwani ndivyo korosho inavyolipa, mnada ukishapita. Siku mbili kabla ya miadi yake nilipokuwa nikipitia kurasa zile kwa mara ya mwisho, nilijiuliza mtu asiyejua msimu wa korosho ataonaje, na nikaona kwamba angeweza kudhani fedha zimeazimwa ili zionekane. Tulirudi kwa karani wa ushirika, tukapata karatasi ya malipo yenye kilo, bei na tarehe, tukaandika aya moja ya maelezo na kuweka mshale mwekundu pembeni ya muamala ule. Fanyeni hivyo kwa kila fedha kubwa iliyoingia ghafla, iwe mchango wa ukoo, mauzo ya ng'ombe au mkopo wa kikundi. Mchango wa ukoo si aibu. Kanuni zinaruhusu mtu mwingine agharamie safari, mradi uhusiano wake na msafiri ni wa kweli na anaweza kuthibitisha kwamba fedha anazo.

Upande wa mhitimu, aandike barua ya mwaliko yeye mwenyewe, isiyozidi ukurasa mmoja, ikitaja majina kamili ya wageni na uhusiano wao, tarehe ya mahafali na ukumbi, watalala wapi, watakaa siku ngapi, na nani analipa nini. Aambatishe barua ya chuo inayothibitisha masomo yake na tarehe ya sherehe, uthibitisho wa nafasi za wageni, na nakala ya pasipoti yake. Kadi za plastiki za ukaazi zilikoma mwisho wa mwaka 2024, hivyo hali yake ya uhamiaji ataionesha kupitia akaunti yake ya kidijitali. Na asiahidi asichokiweza: mwanafunzi anayeishi chumba kimoja akiandika kwamba atawalaza wageni wanne na kuwalisha kwa mwezi, barua yake inaidhoofisha fomu ya wazazi wake.

Nyaraka yoyote ambayo haiko kwa Kiingereza wala Kiwelisi itafsiriwe. Barua ya serikali ya mtaa, hati ya ushirika au muhtasari wa kikao cha ukoo ulioandikwa kwa Kiswahili uambatane na tafsiri yenye jina kamili la mfasiri, saini, tarehe, mawasiliano yake, na kauli yake kwamba tafsiri ni sahihi. BAKITA hutoa huduma hii, na ninaipendelea kuliko tafsiri ya haraka ya jirani anayejua Kiingereza.

Vielelezo vikishakamilika ndipo fomu ijazwe, kwa mtandao, kupitia gov.uk. Fomu inauliza kipato cha mwezi, matumizi ya mwezi, gharama ya safari, safari zilizopita, majina na tarehe za kuzaliwa za wazazi wa mwombaji, na kama amewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote. Jibuni ukweli, hata unaouma. Mzee asiyeijua tarehe yake kamili ya kuzaliwa aandike ileile iliyo kwenye pasipoti. Aliyewahi kunyimwa viza aseme, kwa sababu kunyimwa zamani hakumfungii mtu mlango, ilhali kudanganya au kuweka hati ya kughushi kunaweza kumletea zuio la miaka 10. Kwa hiyo ninasihi familia zijiepushe na vishoka wanaoahidi taarifa za benki na barua za kazi za kutengeneza. Mzee atakayebeba adhabu hiyo huenda hata hakujua kilichowekwa kwenye jalada lake.

Mkishamaliza mtalipa kwa kadi ya benki, mtachagua miadi katika kituo cha maombi ya viza, na mtapakia nyaraka kabla ya siku hiyo. Zipakieni kwa mafungu yenye majina yanayoeleweka, zikiwa zimepigwa picha zinazosomeka. Kituoni mwombaji hupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi. Watoto wa chini ya miaka 5 hupigwa picha pekee. Wahudumu wa kituo hawaamui chochote, hivyo msiwahoji wala msiwaombe msaada wa kupitishwa. Mama mwenye mikono ya jembe au aliyetoka kupaka hina vidoleni aangalie kwamba ncha za vidole zinaonekana vizuri, na hina hiyo aiahirishe hadi wiki ya safari.

Tiketi ya ndege isikatwe kabla ya uamuzi. Makadirio ya bei na tarehe yanatosha kwenye maombi. Uamuzi ukija, someni kila mstari na mhakiki majina na tarehe siku hiyohiyo, kwa kuwa Uingereza imekuwa ikihamia viza za kielektroniki na maelekezo ya namna ya kuitumia viza huja pamoja na jibu. Maombi yakikataliwa, barua itaeleza sababu. Viza hii haina rufaa ya kawaida, lakini mtu anaweza kuomba tena wakati wowote. Msirudishe maombi yaleyale kwa hasira. Chukueni sababu moja moja na muulizane ni karatasi gani ingeijibu.

Liko jambo linalowashtua wahitimu wa shahada ya uzamili. Masomo yao huisha Septemba na mahafali huwa kati ya Novemba na mwanzo wa mwaka unaofuata. Viza ya mwanafunzi wa kozi ya miezi 12 au zaidi humwachia miezi 4 tu baada ya kozi kuisha. Aliyekwisha kurudi nyumbani na ambaye viza yake imeisha atahitaji kuomba viza ya mgeni kwenda kwenye mahafali yake mwenyewe, kwa utaratibu huuhuu, sambamba na wazazi wake.

Kwa safari yenyewe, kateni bima, maana mgeni anayelazwa hospitali hutozwa, na bili ya siku chache inaweza kuzidi gharama ya safari nzima. Nakala za barua ya mwaliko, nafasi za ukumbi, anwani ya malazi na tiketi ya kurudi zikae kwenye mkoba wa mkononi wa kila msafiri, zisiwe kwenye begi kubwa wala zote kwa baba peke yake, kwa sababu ofisa wa mpakani anaweza kumuuliza mmoja mmoja. Mzee asiyezungumza Kiingereza abebe karatasi yenye namba ya simu ya mhitimu na sentensi chache zinazoeleza anakwenda wapi na atarudi lini. Fikeni siku tatu au nne kabla ya sherehe, ili ndege ikichelewa au mzigo ukipotea bado kuna muda, na siku yenyewe muwe ukumbini mapema, kwani kwingi milango hufungwa sherehe inapoanza.